Amana ya Wasikilizaji: Roki ya Kimaendeleo na Mashabiki Wake

Historia za muziki aghalabu huandikwa kwa kufuata nyayo za watunzi, waimbaji na kampuni zilizouza santuri zao. Msikilizaji hutajwa mwishoni, tena kwa hesabu tu: santuri kadha zimenunuliwa, ukumbi fulani umejaa. Ni nadra kuulizwa alikifanya nini kile alichokisikia baada ya kurudi nyumbani, alimpa nani, alibishana na nani juu yake na alikihifadhi wapi. Makala haya yanakusudia kumtazama msikilizaji huyo katika historia ya muziki mmoja uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukapata utajiri kwa muda mfupi, ukadharauliwa na wakubwa wa biashara yake, kisha ukaendelea kuishi kwa sababu walikuwapo watu waliokataa kuuacha. Muziki huo ni roki ya kimaendeleo. Hoja yetu ni kwamba mashabiki wake waliufanyia kazi ambayo kwa kawaida hugawanywa baina ya makumbusho, chuo na tajiri mfadhili. Na kwamba kazi hiyo iliwatia katika mgogoro unaojulikana na kila jamii yenye sanaa ya kurithi, nao ni namna ya kuilinda amana bila ya kuizika.

Tuanze na muziki wenyewe. Tarehe 5 Julai 1969 bendi changa ya King Crimson ilipiga katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya umati mkubwa uliokuja kuwasikiliza Rolling Stones. Oktoba ya mwaka huo ikatoa albamu yake ya kwanza, *In the Court of the Crimson King*, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoufungua mlango, ingawa mlango wenyewe ulikuwa umekwisha kusukumwa na wengine, wakiwamo Beatles na Moody Blues. Katika miaka mitano iliyofuata zikasikika Yes, Genesis, Van der Graaf Generator, Gentle Giant, na Emerson, Lake & Palmer. Vijana hawa walitaka roki, muziki uliozoeleka kwa nyimbo za dakika tatu, ibebe mizigo iliyokuwa ikibebwa na okestra: sehemu nyingi zinazofuatana, mapigo yasiyogawanyika kirahisi kwa nne, na lahani inayopotea kisha ikarejea kwa sura mpya. Mwaka 1971 Emerson, Lake & Palmer waliupiga utunzi wa Mrusi Mussorgsky kwa vinanda vya umeme katika ukumbi wa Newcastle City Hall. Mwaka 1972 Yes walitoa *Close to the Edge*, ambayo wimbo wake mkuu unachukua upande mzima wa santuri, dakika zipatazo 18. Mwaka huohuo Jethro Tull wakatoa *Thick as a Brick*, wimbo mmoja uliotanda pande zote mbili.

Msikilizaji wa taarab ya kale, aliyezoea bashraf kutangulia maneno na kibwagizo kurejewa mpaka roho itue, hataona ajabu wimbo kuwa mrefu. Lakini katika biashara ya muziki ya Kiingereza urefu huo ulikuwa ni uasi, na uliwezekana kwa sababu ya vyombo viwili. Kwanza ni santuri ndefu, ambayo upande wake mmoja uliweza kubeba dakika ishirini na zaidi bila ya sauti kuharibika sana. Pili ni vinanda vipya. Mellotron, kilichotengenezwa Birmingham, kilikuwa na kipande cha ukanda chini ya kila kitufe, na juu ya ukanda huo zilirekodiwa sauti halisi za fidla, filimbi au kwaya. Mpigaji akibonyeza, ukanda hupita na kusoma sauti kwa muda wa sekunde zipatazo nane, kisha hukatika mpaka kitufe kiachwe. Kilikuwa chombo kizito, kikibadilika sauti kwa joto na unyevu, lakini kiliwapa vijana wanne uwezo wa kuiita okestra jukwaani.

Muziki wa namna hiyo ulimzaa msikilizaji wa namna yake. Haukufaa kuchezwa dansi, na kuupokea kwa mara moja hakukutosha. Ilibidi mtu akae, ageuze santuri, asome mashairi yaliyochapishwa ndani ya jalada, azitazame picha kama zile za mchoraji Roger Dean, kisha arudi mwanzo. Na aliyesikiliza hivyo alihitaji wa kuzungumza naye. Wimbo wenye sehemu saba humwacha kila mtu na sehemu yake anayoipenda na nyingine anayoiona imezidi. Hapo ndipo mjadala huanzia. Kwa hiyo mazoea ya kuazimana santuri na kubishana juu yake yalianza zamani, kabla ya muziki huo kuingia katika shida.

Tena wasikilizaji hao hawakuwa Waingereza peke yao. Van der Graaf Generator, bendi iliyopata wanunuzi wachache nyumbani, iliongoza orodha ya mauzo ya Italia mwaka 1972 kwa albamu yake *Pawn Hearts*. Genesis nao walipata shangwe Ubelgiji na Italia kabla ya kutambuliwa vizuri London. Waitalia hawakuishia kusikiliza. Premiata Forneria Marconi kutoka Milano na Banco del Mutuo Soccorso kutoka Roma walitoa albamu zao za kwanza mwaka 1972, wakiimba kwa lugha yao na kutia ndani yake ladha ya opera na nyimbo za nchi yao. Hili ni jambo la kuzingatiwa: mashabiki wa nchi ile walikipokea kitu kigeni, wakakijadili, na baada ya muda mfupi wakakijibu kwa sauti yao wenyewe.

Kisha mambo yakageuka. King Crimson ilivunjika mwaka 1974. Peter Gabriel aliwaacha Genesis mwaka 1975. Mwaka 1976 na 1977 ukaja muziki wa panki, mfupi, wa hasira, uliojivunia kutojua kupiga vyombo kwa ustadi. Waandishi wa magazeti ya muziki, ambao miaka mitano nyuma waliwasifu mafundi wa vinanda, sasa waliwaita wazee wenye majivuno. Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, alivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiongezea maneno ya kuonyesha anawachukia. Hata hivyo, Julai 1977 mwimbaji huyohuyo alialikwa katika kituo cha Capital Radio cha London kuchagua nyimbo azipendazo, na miongoni mwazo alizicheza za Peter Hammill, kiongozi wa Van der Graaf Generator. Aliyedhaniwa kuwa mchimba kaburi alikuwa na santuri za marehemu nyumbani kwake.

Si haki kusema kwamba panki ndiyo iliyoua. *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973, iliendelea kuwamo katika orodha ya Marekani ya albamu 200 zinazouzwa zaidi kwa wiki 741 kati ya mwaka huo na 1988. Walioumia ni bendi za daraja la kati, ambazo ziliishi kwa wasikilizaji elfu chache waaminifu na kwa kampuni yenye subira. Subira ndiyo iliyokwisha. Kampuni zilitaka tena nyimbo za dakika tatu zinazofaa redioni, na bendi kadhaa, Genesis wakiwa mfano ulio wazi, zikajifunza kuzitunga na zikafaulu sana. Wasikilizaji waliotaka mambo ya kale wakabaki na santuri zao, na nyingi kati ya hizo hazikuchapishwa tena kwa muda mrefu.

Hapa ndipo ukanda wa kaseti ulipoingia katika historia yetu. Philips waliutoa mwaka 1963, nao ulimpa mtu wa kawaida uwezo ambao zamani ulikuwa wa kiwanda: kunakili sauti. Santuri isiyopatikana dukani ilinakiliwa kwa rafiki, rafiki akamnakilia mwenzake wa mji mwingine, na bahasha zikasafiri kwa posta kutoka nchi hadi nchi. Kadhalika zilinakiliwa kanda za maonyesho, zilizorekodiwa na watu waliojificha na mashine zao ndani ya ukumbi. Biashara hii isiyo ya fedha ilikuwa na adabu zake. Kanda ilibadilishwa kwa kanda, au kwa kanda tupu pamoja na gharama ya stempu; aliyeiuza kwa faida alionekana amevunja miiko. Pamoja na kanda zilikwenda barua, na ndani ya barua mlikuwa na mabishano: ni onyesho gani bora la mwaka 1973, mpiga ngoma yupi aliyeifaa bendi zaidi.

Wenye kampuni hawakufurahi. Mwaka 1981 chama cha wafanyabiashara wa santuri wa Uingereza kilianzisha kampeni ya kuwaonya watu kwamba kunakili nyumbani kunaua muziki, kwa nembo ya kaseti iliyochorwa mfano wa bendera ya maharamia. Lalamiko lao lilikuwa na msingi, kwani mtunzi hali kwa sifa. Lakini katika roki ya kimaendeleo mwiba ulichoma upande wa pili pia: kampuni zilizolalamika ndizo zilizoacha kuchapisha santuri zile. Je, aliyenakili kitu kisichouzwa alimwibia nani?

Swali hilo lilipata mpinzani mzito kuliko kampuni yoyote. Robert Fripp, mpiga gitaa na kiongozi wa King Crimson, kwa miaka mingi alipinga kurekodiwa na kupigwa picha wakati wa maonyesho. Hoja yake haikuwa ya fedha peke yake. Aliona kwamba baina ya mpigaji na msikilizaji hufungwa mkataba wa kuwapo pamoja kwa saa ile, na anayeshughulika na mashine mfukoni ameuvunja mkataba huo huku mwili wake umo ukumbini. Ni hoja ya kuheshimiwa, na kila aliyewahi kuona umati ukimtazama mwimbaji kupitia kioo cha simu ataielewa.

Hata hivyo, historia ilimrudia kwa njia ya ajabu. Shirika la utangazaji la BBC lilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena. Maonyesho mengi ya King Crimson ya mwaka 1969 hayakurekodiwa rasmi na yeyote. Fripp alipotaka kuirejesha kumbukumbu ya bendi yake kupitia DGM, kampuni aliyoiunda na David Singleton mwaka 1992 kwa sharti la hakimiliki kubaki kwa mwanamuziki, sehemu ya hazina aliyoihitaji ilikuwa mikononi mwa walewale waliorekodi kwa siri. Mwaka 1998 DGM ilianzisha klabu ya wakusanyaji wa kumbukumbu za King Crimson, na toleo lake la kwanza lilikuwa onyesho la ukumbi wa Marquee la mwaka 1969, lililotokana na kanda ya msikilizaji. Sauti yake ni duni, lakini hakukuwa na nyingine. Haturukii kusema kwamba wizi ulihalalishwa; tunasema tu kwamba aliyekosea adabu usiku ule ndiye aliyeiweka amana, na mwenye mali aliikuta salama baada ya miaka karibu thelathini.

Wakati kanda zikizunguka, kizazi kipya kilikuwa kinakua. Mwaka 1979 mjini Aylesbury iliundwa bendi ya Marillion, ambayo jina lake ni kifupisho cha *The Silmarillion*, kitabu cha Tolkien. Wanamuziki hawa walikuwa mashabiki kwanza: walizilelewa sikio na Genesis na wenzao, wakatunga nyimbo ndefu katika miaka ambayo magazeti yaliziona kuwa aibu. Walijijenga kwa kupiga kumbi ndogondogo, pamoja na Marquee, wakapata wafuasi waliosafiri nao. Albamu yao ya *Misplaced Childhood* iliongoza mauzo ya Uingereza mwaka 1985. Baadaye mwimbaji wao Fish aliondoka, akaingia Steve Hogarth, mauzo yakashuka, na baada ya mwaka 1995 kampuni ya EMI ikaachana nao.

Kilichofuata kimeingia katika historia ya biashara ya muziki. Mwaka 1997 Marillion walieleza kuwa hawawezi kwenda kupiga Marekani, kwa kuwa safari ingewatia hasara ya dola zipatazo 60,000. Mashabiki wa huko, waliokuwa wakijadiliana kwa barua pepe, wakachangishana wenyewe kiasi hicho, bila ya bendi kuomba, na safari ikafanyika. Bendi ilijifunza. Ilipotaka kutengeneza albamu iliyotoka mwaka 2001 kwa jina la *Anoraknophobia*, iliwauliza wafuasi wake kama wako tayari kulipa kabla hata nyimbo hazijarekodiwa. Zaidi ya 12,000 walilipa. Kickstarter, ambayo leo wengi huitaja wakizungumzia michango ya namna hii, ilianza mwaka 2009. Kwa lugha ya kwetu tungesema kuwa walichanga kama watu wanavyochangia harusi: hakuna anayenunua bidhaa, kila mmoja anataka shughuli ifane na jina lake limo.

Lakini aliyechangia harusi hujiona ana haki ya kusema juu ya pilau. Hapo tunaufikia ule mgogoro tulioutaja mwanzoni. Muziki uliojiita wa kimaendeleo uliahidi kusonga mbele. Mashabiki wake walipendana nao kwa sababu ya miaka mitano fulani ya nyuma. Sasa anayepiga Mellotron mwaka 1992, kama walivyofanya Änglagård wa Sweden katika albamu yao *Hybris*, anaendeleza au anaiga? Na je, Dream Theater wa Marekani, waliotia katika nyimbo ndefu uzito wa gitaa za metali katika *Images and Words* mwaka huohuo, wamo ndani ya ukoo au wamevamia? Mabishano hayo yamejaza kurasa nyingi, tena kwa ukali ambao mgeni angeushangaa.

Majibu mawili yanastahili kuwekwa pamoja. La kwanza limetoka Montréal, ambako mwaka 1993 iliundwa bendi iitwayo The Musical Box. Kazi yake ni kuyarudia maonyesho ya Genesis ya miaka ya 1970 kama yalivyokuwa, kwa mavazi yaleyale, vyombo vilevile na picha zilezile za jukwaani, kwa idhini ya Genesis wenyewe. Huu ni uhifadhi kamili, na aliyezaliwa baada ya 1975 hana njia nyingine ya kukaa mbele ya kitu kile. Jibu la pili ni la Mwingereza Steven Wilson. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza nyumbani kwake kanda za bendi aliyoibuni, Porcupine Tree, akaitungia hata historia ya uongo. Kanda hizo ziliwafikia wahariri wa *Freakbeat*, kijarida cha mashabiki, nao wakaanzisha kampuni ndogo ya Delerium na kuzitoa. Mchezo wa shabiki ukawa bendi ya kweli, ambayo albamu zake hazikufanana na za mwaka 1973. Lakini kuanzia 2009 Wilson huyohuyo alikabidhiwa kanda za asili za King Crimson, kisha za Jethro Tull, Yes na Gentle Giant, azichanganye upya ili kila chombo kisikike wazi. Mtu mmoja alikuwa mjenzi mchana na mfua fedha za kale usiku, na sikio lililomfaa katika kazi moja lilinolewa na nyingine.

Kisiwa chetu nacho kina kiungo na habari hii, ingawa chembamba. Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na familia yake iliondoka mwaka 1964. Wahakiki wengi hawaiweki bendi yake ya Queen moja kwa moja ndani ya roki ya kimaendeleo, lakini albamu ya *Queen II* ya mwaka 1974, yenye nyimbo zilizounganishwa na sehemu zinazogeuka ghafla, ilitoka katika hewa hiyohiyo. Na mwaka 1975, wimbo wa "Bohemian Rhapsody" wa karibu dakika sita ulipodhaniwa kuwa mrefu mno kwa redio, mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliucheza mara 14 katika siku mbili, na watu wakaenda madukani kuuulizia kabla haujafika. Kwa mara nyingine msikilizaji aliamua, na biashara ikamfuata.

Leo mashabiki wamefikia zamu nyingine. Chris Squire wa Yes alifariki mwaka 2015. Keith Emerson na Greg Lake waliondoka mwaka 2016. John Wetton, mwimbaji wa King Crimson ya miaka ya 1972 hadi 1974, mwaka 2017. Kwa upande mwingine kanda hazihitajiki tena: hata King Crimson, baada ya kusitasita kwa muda mrefu, waliziruhusu albamu zao kusikilizwa katika huduma za intaneti mwaka 2019. Kijana wa leo anaweza kuusikia wimbo wa dakika 18 bila ya kumwomba mtu, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kuuacha dakika ya pili bila ya kumwonea mtu haya. Zamani kanda ilimfikia ikiwa na barua, na barua ilitaka jibu. Aliyetumiwa alijiona ana deni la kusikiliza mpaka mwisho.

Deni hilo, kwa maoni yetu, ndilo lililoutunza muziki huu kuliko kanda zenyewe. Mali iliyowekwa amana haihifadhiwi na sanduku. Huhifadhiwa na mtu anayejua kwamba ataulizwa. Mashabiki wa roki ya kimaendeleo waliulizana kwa miaka hamsini, wakakosana, wakatuhumiana kwa ukale na kwa usaliti, na katika kuulizana huko hakuna aliyepata nafasi ya kusahau. Nasi wenye nyimbo zetu za visiwani, ambazo nyingi zimo katika santuri zilizokwaruzika na kanda zinazoshikamana kwa joto, tuna haki ya kujiuliza ni nani anayetudai jibu.